Mlango wa Peni Ishirini

Tangazo lilibandikwa Jumatatu, lakini Wilf Oakden hakuliona mpaka Alhamisi, siku ya soko, alipofika mlangoni na sarafu yake mkononi. Ilikuwa karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki, juu kidogo ya tundu la kutumbukizia fedha. Choo cha uwanja wa soko kitafungwa kabisa tarehe thelathini na moja Machi. Sababu ni uchache wa watumiaji, wastani wa watu wanne kwa siku. Wananchi wanaombwa kutumia vyoo vya biashara za jirani.

Aliisoma mara mbili. Wakati anaisoma mlango ukafunguliwa kutoka ndani, akatoka mzee Cuthbert wa duka la vifaa, akauzuia kwa kiwiko usijifunge.

"Pita, Posta."

"Asante, bwana," alisema Wilf, akapita, akairudisha sarafu mfukoni.

Harsby yote ilimwita Posta. Alikuwa amebeba barua za mji huo kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo ramani ya mji kichwani mwake ilikuwa ya matundu ya barua na mbwa wakali. Sasa ilikuwa ramani nyingine. Miaka miwili iliyopita madaktari walimkata kipande kirefu cha utumbo. Walimponya, hilo hakulikana kamwe. Lakini tangu siku ile tumbo lake likiita, halikumpa zaidi ya dakika tatu. Maktaba ilikuwa na choo kizuri, ila siku hizi ilifunguliwa Jumanne na Jumamosi tu. Kanisa lilifungwa kwa kufuli tangu wezi walipobandua madini ya risasi yaliyoezeka paa lake. Kwenye kiwanja cha mchezo wa kuviringisha matufe palikuwa na kibanda, lakini hakikuwa na choo, nacho kilikuwa hatua mia moja na tisini kutoka uwanja wa soko. Alizihesabu mwenyewe. Kwa hiyo kila kitu alichobaki nacho nje ya nyumba yake, soko la Alhamisi, matufe, benchi la mbele ya bucha, vyote vilining'inia kwenye mlango ule mmoja wa kijani.

Alipotoka alimkuta mkewe, Noreen, kwenye gari la samaki.

"Wanafunga," akamwambia.

"Nani anafunga? Samaki?"

"Choo."

Noreen alikuwa ameshika samaki wawili wa moshi waliofungwa kwenye karatasi. Akamtazama usoni, kisha akamrudishia muuzaji samaki mmoja, kana kwamba ghafla walaji mezani wamepungua.

*

"Mimi nasema tu," alisema Lorna, binti yao, jioni ile wakati wa kula. Lorna alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alirudi kuishi kwa wazazi wake baada ya ndoa yake kuvunjika, na alifanya kazi katika duka la mikate. Alikuwa na tabia ya kusema tu. "Watu wengi wanavaa zile, Baba. Zinauzwa kwenye duka la dawa, kwenye rafu ya chini. Chini ya suruali hakuna anayejua."

"Mimi nitajua."

"Utajua wewe peke yako. Sisi wengine tutapata raha ya kwenda na wewe mjini."

"Lorna," alisema mama yake.

"Nimevaa nepi maishani mwangu kipindi kimoja tu," alisema Wilf, "na wakati ule nilikuwa na udhuru, sikuwa na meno."

"Hata sasa huna yote, mzee," Noreen akasema, wakacheka wote watatu, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini Wilf hakumaliza viazi vyake.

Alipokuwa anasuuza sahani alisema, bila kugeuka, "Wiki ijayo nitajaribu bila choo kile. Nijizoeze. Wamesema tutumie vyoo vya biashara, basi nitatumia. Mimi si wa kwanza."

"Hujalazimishwa na mtu. Bado kiko wazi mpaka mwisho wa mwezi."

"Ndiyo maana nataka kujaribu sasa."

Noreen alimjua. Huyu ndiye mtu aliyejizoeza kustaafu kwa kuamka saa kumi alfajiri mwezi mzima na kukaa jikoni amevaa kofia ya kazi.

*

Alhamisi iliyofuata Wilf aliingia katika mgahawa wa Glenys, akaagiza chai na skonzi moja, akachagua kiti karibu na ngazi. Noreen alibaki nje kwenye foleni ya samaki. Mambo yalikwenda vizuri kwa robo saa. Akasoma gazeti, akasalimiana na wanawake watatu wa klabu ya matufe waliokaa meza ya dirishani. Kisha tumbo likaita.

Alikwenda kaunta, akainama kidogo.

"Glenys, samahani. Naomba ufunguo."

"Ufunguo wa wapi, mpenzi wangu?"

"Ule wa juu."

"Aa, wa chooni!" Glenys alikuwa mwanamke mwema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea mashine ya kahawa. Ufunguo wa choo chake aliufunga kwenye mwiko mkubwa wa mbao, wateja wasiende nao nyumbani. Akatazama msumari ulipotundikwa, hakuuona. "Jamani, nani ana mwiko? Posta anautaka mwiko!"

"Ameenda nao Marjorie," alisema mmoja wa wanawake wa dirishani. "Ndiyo kwanza amepanda. Na Marjorie akiingia, Posta, kamalizie gazeti lako."

Walicheka. Walikuwa wanampenda, na kicheko kilikuwa cha watu wanaompenda mtu. Wilf naye alicheka. Akasimama chini ya ngazi mkono ukiwa kwenye reli ya ngazi, akaangalia juu kwenye mlango uliofungwa. Baadaye akapanda vidato vitatu, kana kwamba kusogea kungesaidia. Kwenye kidato cha tatu akasimama kabisa.

Glenys alipogeuka tena hakumwona. Alikuwa amevua koti lake, amefunga mikono ya koti kiunoni, amepita jikoni kati ya masufuria na kutoka kwa mlango wa nyuma. Alipanda Mtaa wa Kinu ambao alikuwa ameupanda mara elfu kumi na begi la barua, na safari hii aliupanda karibu na ukuta. Watu wawili walimsalimia. Aliwajibu.

Noreen alipofika nyumbani mashine ya kufulia ilikuwa inanguruma. Mumewe alikuwa amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, amevaa suruali safi ya Jumapili na soksi zisizofanana.

"Usimwambie Lorna," alisema.

"Sitamwambia."

"Wala mtu mwingine yeyote."

"Wala mtu mwingine yeyote." Akakaa karibu naye. Beseni lilikuwa la baridi. Wakakaa hivyo mpaka mashine ilipofika hatua ya kukamua na sakafu ikatetemeka kidogo, kama kawaida yake.

*

Baada ya hapo Wilf hakutoka. Katibu wa klabu ya matufe alipopiga simu kumkumbusha siku ya kukata nyasi, alisema goti linamsumbua. Kuhani alipopita, goti. Lorna aliuliza ni goti lipi, akajibiwa la kushoto. Kesho yake akauliza tena, likawa la kulia. Wilf alikaa kwenye kiti cha dirishani akiangalia posta mpya akipita, akisema kwa sauti ndogo, "Geti, kijana, funga geti." Noreen alisikia jinsi sentensi zake zilivyoanza kufupika. Leta gazeti. Funga pazia. Hapana, nenda wewe. Mtu aliyekuwa hawezi kwenda kununua stempu bila kurudi na habari za nyumba sita, sasa alikuwa anauliza kama mvua imenyesha, na dirisha liko mbele yake.

Kwa hiyo Alhamisi ya pili Noreen alikwenda sokoni peke yake, na hakwenda kununua samaki. Alichukua ubao wa kuandikia wa Lorna, kalamu mbili na kiti cha kukunja, akakaa mbele ya mlango wa kijani kukusanya saini. Kikao cha baraza la mji kilikuwa Jumanne. Hakuwahi kwenda katika kikao cha baraza maisha yake yote. Alikuwa mtu wa kukaa safu ya nyuma hata kanisani.

Watu walitia saini vizuri. Ikampasa kuandika namba pembeni, na alipofika thelathini na tano alisimama akaangalia karatasi yake. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

"Beryl," akaita.

Beryl alikuwa msafishaji wa choo kile, mwanamke mfupi mwenye mikono minene, na kwa miaka minane alikuwa mtu wa pekee aliyelipwa na baraza kujua nini kinatokea ndani ya jengo lile. Alitoka na ndoo.

"Wanasema ni watu wanne kwa siku."

"Wanasema," alijibu Beryl.

"Mimi nimeshaandika thelathini na watano. Na hao ni waliokubali kutia saini. Wanajuaje ni wanne?"

"Karani anakuja Ijumaa anafungua kisanduku. Anahesabu sarafu. Anagawanya kwa siku sita."

Wakati huo mlango ulifunguliwa. Akatoka mwanamke mwenye mtoto kwenye kigari, akauzuia mlango kwa mgongo wake. "Ingia, mpenzi, ingia," akamwambia bibi aliyekuwa anakuja, na bibi akasema asante, ni wema wako, akaingia. Bibi alipotoka akakutana na dereva wa basi, akamshikia. Dereva akamshikia Cuthbert. Cuthbert akawashikia wasichana wawili wa shule, na wasichana wakamshikia kuhani. Noreen alikuwa amesimama tayari, na kuhani alipotoka alimshikia yeye.

"Bibi Oakden, karibu."

"Asante," alisema Noreen, akashika mlango ule kwa mkono wake, kwa sababu mtu akikushikia mlango Harsby huwezi kumwacha ameshika. Akabaki pale, nusu ndani nusu nje, ubao ukiwa kwapani.

"Beryl," alisema polepole. "Leo nani ametia sarafu?"

Beryl akafikiri. "Wa kwanza. Saa mbili. Na tena saa tatu, palipokuwa kimya kidogo."

"Sarafu mbili."

"Labda tatu."

"Na karatasi? Karatasi za choo unabadilisha ngapi?"

"Boksi zima kila wiki. Roli thelathini na sita." Beryl akaweka ndoo chini. Uso wake mpana ukaanza kubadilika. "Nilimwambia karani mwaka juzi boksi halitoshi. Akaniambia huenda zinaibwa."

*

Ukumbi wa mji ulikuwa na harufu ya nta ya sakafu. Madiwani saba walikaa nyuma ya meza ndefu, na mbele yao kulikuwa na viti vya wananchi ambavyo kwa kawaida vilikaliwa na watu wawili. Siku hiyo walikuwa kama hamsini. Karani, Bi Threlfall, aliweka mezani saa ya jikoni yenye umbo la yai.

"Kila mwananchi ana dakika tatu," alisema. "Yai likilia, unakaa."

Noreen aliposikia dakika tatu alitaka kucheka na kulia. Alisimama. Akaiweka karatasi yake kwenye kiti.

"Mnasema watu wanne kwa siku," alianza. "Yaani ishirini na wanne kwa wiki. Na kila wiki Beryl anaweka roli thelathini na sita. Kwa hiyo kila mtu anayeingia mle anamaliza roli moja na nusu."

Mtu alicheka nyuma. Mwenyekiti, diwani Garside, mwanamume wa kola ngumu aliyekuwa na duka la mazulia, hakucheka.

"Bibi Oakden, hesabu za kisanduku ziko wazi."

"Kisanduku kinahesabu sarafu, Bwana Mwenyekiti. Hakihesabu watu. Alhamisi nilikaa pale kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Wameingia watu sitini na mmoja. Sarafu tatu."

Minong'ono ikapita ukumbini. Garside akaegemea mbele.

"Unataka kutuambia kwamba watu wa Harsby ni wezi?"

"Hapana. Nataka kuwaambia kwamba wana adabu. Wanashikiana mlango. Hakuna mtu hapa anayeweza kutoka mahali, akamwona jirani yake anakuja, akamfungia mlango usoni ili jirani alipe peni ishirini. Nani atafanya hivyo? Wewe utafanya?"

"Hili ni dai tu," alisema Garside. "Nani hapa amewahi kuingia bila kulipa?" Akatazama viti, safu kwa safu. "Haya. Anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka. Watu walitazama viatu vyao. Cuthbert alikohoa. Kilikuwa kitu cha kufanya kila wiki, si kitu cha kukiri mbele ya karani. Mlio wa yai ulisikika, tik, tik, na Noreen alijua kwamba kuna jambo moja analoweza kusema ambalo lingewanyamazisha wote. Alikuwa nalo ulimini. Alikuwa ameahidi. Akafunga mdomo.

"Mimi," sauti ilisema nyuma.

Wilf alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa koti lilelile. Lorna alikuwa kando yake na funguo za gari mkononi, macho mekundu. Ukumbi wa mji ulikuwa na choo nyuma, upande wa kulia, na Wilf alisimama upande wa kulia.

"Mimi sijalipa tangu kufuli lile liwekwe," alisema. "Miaka minane. Nabeba sarafu kila siku. Ni ileile." Akaitoa mfukoni, akainyanyua. "Niliingia Cuthbert aliponishikia mlango, karibu wiki tatu zilizopita, siku ileile niliposoma tangazo lenu kwamba hakuna anayeingia."

Kicheko kilianza mahali fulani kisha kikaenea. Wilf alisubiri kikapungua.

"Na nitasema lingine, maana mke wangu hatalisema. Nilikatwa utumbo. Nikihitaji choo nakihitaji sasa hivi, si baada ya Marjorie. Nilijaribu vyoo vya biashara kama mlivyoelekeza. Sikuwahi. Nilikwenda nyumbani nimefunga koti kiunoni, na wengine wenu mlinisalimia njiani. Mkikifunga, sitalaumu mtu. Nitakaa ndani. Lakini andikeni kwenye karatasi yenu kwamba ni sababu hiyo, msiandike kwamba sikuwepo."

Yai likalia. Bi Threlfall akaweka kiganja juu yake haraka, kama mtu anayemfunika mtoto mdomo.

Kisha Cuthbert akanyoosha mkono. Glenys akanyoosha, akifuta pua kwa mwingine. Kuhani. Marjorie, ambaye alisema kwa sauti, "Posta, kwa nini hukunigongea?" Wasichana wa shule hawakuwepo, lakini mama yao alinyoosha yake miwili. Mikono ikaenda safu kwa safu mpaka viti vikaisha. Bi Threlfall alitazama kalamu yake, akaiweka chini, akanyoosha. Wote sasa walikuwa wanamtazama mwenyekiti.

Diwani Garside alirekebisha kola.

"Siku ya mvua," alisema hatimaye. "Nilikuwa na haraka."

*

Kura zilikuwa sita kwa moja, choo kibaki. Yule mmoja alikuwa diwani wa upande wa pili wa mto, ambako watu walikuwa na choo chao. Kufuli la sarafu lingetolewa, na badala yake kungewekwa kopo la mwenye kutaka kuchangia.

Ndani ya gari Noreen alimgeukia binti yake. "Nani alikuambia?"

"Hakuniambia mtu. Mimi nafua nguo nyumba hii, Mama. Nina macho." Lorna akawasha gari. "Nilimwambia tu Baba, kama unataka, nakupeleka. Kama hutaki, basi usinidanganye tena kuhusu magoti."

"La kushoto linauma kweli," alisema Wilf kutoka nyuma.

Noreen alinyoosha mkono nyuma ya kiti chake, bila kutazama, na Wilf akaushika mpaka nyumbani.

Alhamisi ile walishuka pamoja Mtaa wa Kinu saa tatu asubuhi. Watu walikuwa wachangamfu kupita kiasi, na mtu wa bucha aliwapa soseji mbili za bure bila kueleza. Wilf alivumilia. Walinunua samaki wawili. Walikaa kwenye benchi. Mbele yao mlango wa kijani ulikuwa unafunguka tena na tena. Mahali pa kufuli palikuwa na tundu la duara lililozibwa kwa mbao mpya, na mlango sasa ulisukumwa tu, haukumzuia mtu yeyote. Hata hivyo kila aliyetoka aliusimamisha kwa kiwiko akamngoja anayekuja.

"Unataka kwenda?" Noreen aliuliza.

Wilf akafikiri, akalisikiliza tumbo lake kama alivyozoea.

"Hapana," alisema. "Sitaki kabisa." Akanyoosha miguu yake mbele, akaweka kifundo kimoja cha mguu juu ya kingine, na akaanza kumweleza habari za nyumba ya pembeni, ile yenye mapazia ya njano.

Alipata Alhamisi nyingine nyingi baada ya ile, miaka minne na miezi kadhaa. Siku ya maziko yake kanisa halikufungwa kwa kufuli, na watu walipokuwa wanatoka ilichukua muda mrefu kumalizika, kwa sababu kila mmoja mlangoni alisimama kumshikia aliye nyuma yake. Noreen alitoka wa mwisho. Sarafu ileile ya Wilf ilikuwa ndani ya glavu yake. Aliteremka nayo mpaka uwanja wa soko, akaitumbukiza katika kopo, na ikalia ilipogonga chini.